Tulivyoazima Watu Kujaza Darasa

Shule ya mchana nilisoma miaka minne, katika darasa la watoto mia moja na ishirini. Mwenzangu mmoja niliyeketi naye dawati moja anabisha mpaka leo kwamba tulikuwa sabini tu. Namwacha aseme. Yeye alikuwa mtoro, na hesabu yake ni ya zile siku chache alizofika. Mimi nilikuwapo, na nasema tulikuwa mia na ishirini, na siku za mvua, paa la darasa la jirani lilipovuja, tulifika mia tatu bila kumhesabu mbuzi wa mwalimu mkuu.

Dawati la watu watatu tuliketi saba. Wa katikati akipiga chafya, wa pembeni anaanguka. Mwalimu wetu alikuwa baba mmoja mpole ambaye sauti ilimwishia kila mwaka kabla ya Pasaka, na tangu hapo alitufundisha kwa mikono. Madaftari alisahihisha ya madawati mawili ya mbele, halafu akatuambia sisi wengine tubadilishane, kila mtu amsahihishe jirani yake. Jirani yangu alikuwa amenakili kwangu. Kwa hiyo mimi nilimpa vema, yeye akanipa vema, tukaenda nyumbani wawili wenye furaha.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka minne na kosa langu moja la hesabu, na wala halikunisumbua. Lilikuwa kosa la kutoa. Ukinipa hamsini na mbili kutoa thelathini na nane, mimi nilisema: nane toa mbili, sita; tano toa tatu, mbili; jibu ishirini na sita. Namba kubwa iliitoa ndogo popote ilipokuwa, juu au chini, kama ng'ombe dume zizini. Darasa likijibu kwa pamoja, jibu langu lilizama ndani ya majibu mia na kumi na tisa, kama mtu aliyemwaga kijiko cha chumvi ziwani kule Nkome. Nani angeonja?

Mtihani wa darasa la nne ulionja. Nikarudi nyumbani kulima.

Nilipofika miaka ishirini na mitatu hivi nilikuwa mbeba marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Kagongwa. Robota moja la pamba lilikuwa zito kuliko kanisa. Sisi tuliyabeba kwa mgongo, jua likituchoma, na kivulini alikuwa ameketi karani wa mizani, penseli sikioni, miguu juu ya kiti cha pili. Tulimtazama jinsi watu wanavyotazama mvua inayonyesha shamba la jirani. Alikuwa amezeeka, karibu anastaafu, na msimamizi alikwisha kututangazia kwamba kiti kile atapewa mmoja wetu, yeyote atakayekuwa wa kwanza kuleta cheti cha darasa la saba. Asiye na cheti aendelee kubeba.

Bahati ikaja na darasa la jioni. Lilifunguliwa kwenye shule ya msingi, kuanzia saa kumi na moja mpaka giza lilipoingia, na baada ya hapo kidogo kwa taa ya karabai. Mtihani wa cheti tungeufanyia hapo hapo, baada ya mavuno. Mwalimu alikuwa dada mmoja kutoka upande wa Ushirombo, Mkatoliki, msalaba mdogo shingoni, mdogo kwa wengi wetu. Mchana alifundisha watoto wengi kama tulivyokuwa sisi zamani, na jioni alitupokea sisi. Alituita sote baba na mama. Mimi nilikuwa kapera nisiye hata na kuku, lakini akiniita baba mgongo ulinyooka wenyewe.

Siku za kwanza tulijaa. Tulifika sabini, na safari hii sitii chumvi, kwa sababu nilikuwa mtu mzima. Mimi kwa mazoea nikaenda nyuma kabisa, karibu na mlango, nikajibu na wenzangu kwa sauti kubwa, nikashukuru Mungu kwamba shule haijabadilika. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na Usukumani mvua ikinyesha hakuna somo linaloshindana na jembe. Wiki moja sabini wakawa arobaini, wiki ya pili wakawa tisa. Tuliobaki tulikuwa sisi wa kiwandani. Msimu wa kuchambua ulikuwa umekwisha, vishamba vyetu vilikuwa vya ukubwa wa mkeka, tukavimaliza mapema.

Mwalimu akatuhamishia sote mbele, madawati matatu tu. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Akapita kwa kila mmoja, akafika kwangu, akalifungua daftari, akaweka kidole juu ya jibu langu.

"Baba, hii umeipataje?"

Nikamweleza kwa fahari, nane toa mbili, tano toa tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana tangu nizaliwe hakuna mwalimu aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Una ng'ombe wawili zizini," akasema. "Unatakiwa utoe wanane. Utafanyaje?"

"Nitawatoa kwenye hao wanane."

"Hao wanane ni wako?"

"Si wangu."

"Basi unamlipa mtu kwa ng'ombe wake mwenyewe."

Wenzangu wakacheka mpaka fundi wa mtambo, ambaye ndiye tuliyemchagua kiongozi wa darasa, akaangusha daftari lake. Alikuwa mtu mnene, kicheko chake kikianza kilichukua muda kumaliza safari yote ya tumbo. Mwalimu akanionyesha kwamba jirani, pale kwenye makumi, kuna ndugu mwenye ng'ombe hamsini. Nenda kwake, chukua kumi, urudi nyumbani una kumi na wawili, sasa toa wanane wako. Nikatoa. Wakabaki wanne. Nikatazama ile nne kwa muda mrefu. Miaka yote ile nilikuwa nakosea, na kumbe dawa yake ilikuwa mtu mmoja kuinama juu ya daftari langu kwa muda wa kuchemsha chai.

Darasa la watu tisa lina adha zake, nisiwadanganye. Huwezi kujificha. Ukiwa hujala mwalimu anakujua, ukiwa umekunywa anakujua zaidi. Unaulizwa, unajibu, kabla jasho halijakauka unaulizwa tena. Lakini katika miezi miwili nilijifunza kuliko miaka minne ya zamani, na ukinibana sana nitasema kuliko miaka kumi. Nilianza kuota nimekaa kivulini na miguu yangu juu ya kiti.

Ndipo ikaja barua kutoka kwa afisa wa elimu ya watu wazima wa wilaya, kule Kahama. Mwalimu alitusomea akiwa amesimama. Darasa lolote la jioni lenye watu wasiofika ishirini litafungwa, na taa na chaki vitapelekwa penye watu. Afisa atapita mwenyewe kuhesabu, Ijumaa ya wiki ya nne tangu siku ile. Akaikunja barua, akaitia ndani ya kitabu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: bila darasa hakuna mtihani, na bila mtihani mgongo wangu ulikuwa wa marobota mpaka kaburini.

Tulikaa nje ya darasa kama watu waliofiwa. Tukasema twende tukawaombe wale waliotuacha warudi. Watarudije na mashamba yanawaita? Ndipo fundi wa mtambo akasema neno ambalo wakati ule lilionekana la busara kuliko misahafu yote.

"Kama ng'ombe anaazimwa, mtu anashindwaje?"

Kwetu mkono hulipwa kwa mkono. Ukija kunilimia leo, kesho nami nakuja kwako, na hakuna anayeandika popote. Basi tukazunguka majirani na masharti mepesi: wewe njoo ukae darasani kila jioni mpaka afisa apite, na zamu yako ikifika sisi tisa tunakuja asubuhi tunapiga matuta mpaka shamba lako liishe. Huna haja ya kusoma. Kaa tu, hesabiwa, nenda nyumbani. Tukataka waanze mapema, wapate kuzoea, wasije wakamshangaa afisa. Mwalimu tulipomweleza alitutazama mmoja mmoja, akasema yeye humfundisha aliyeketi mbele yake na hamuulizi nani kamleta.

Tulipata kumi na mmoja. Nitawataja wawili tu. Wa kwanza alikuwa mama mjane wa makamo, sote tulimwita mayu, kama Msukuma anavyomwita mama yeyote anayestahili heshima. Watoto wake walikuwa wameondoka, na shamba lake la karanga lilikuwa limemshinda. Wa pili alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, ambaye shamba lake la mtama lilikuwa na visiki vingi kuliko udongo. Plau ya ng'ombe ilikuwa imejaribu ikakata tamaa. Akatuachia sisi.

Kosa letu lilianza kuonekana wiki ya kwanza. Kumi na mmoja wakikaa jioni, tunadaiwa mashamba kumi na moja. Tulilima asubuhi, na mvua ikitukatiza asubuhi tulilima alasiri. Nililima mpaka jembe langu likabaki ukubwa wa kijiko. Nililima usingizini; mama yangu anasema nilikuwa napiga matuta kitandani. Tulipofika darasani jioni tulikuwa tumekwisha. Mimi nilijifunza kulala macho wazi, na fundi wa mtambo akikoroma mwalimu alichungulia dirishani akidhani lori la Isaka limefika.

Na wale wa kuazima? Wao walikuja wameoga, wamepaka mafuta, wamepumzika siku nzima huku wakitutazama tukilima. Waliketi mbele. Siku za kwanza walikaa kimya kama masharti yalivyosema. Siku ya nne mayu akainua mkono akauliza kwa nini sifuri haiandikwi mwanzoni mwa namba. Mwalimu akamjibu. Mayu akauliza tena. Baada ya wiki moja wote wana madaftari, wengine wamenunua penseli, na daftari langu, ambalo zamani lilikaguliwa kila jioni, sasa linafikiwa mara moja kwa siku tatu, na siku hiyo likifikiwa halina kitu isipokuwa mate ya usingizi.

Mwalimu aliniita pembeni jioni moja. Akasema nimerudi nyuma, nimeanza tena kumlipa mtu kwa ng'ombe wake.

"Watu ishirini naweza, baba. Watu ishirini ambao tisa wamelala, siwezi."

Nikamwambia wiki moja tu imebaki, Ijumaa tukishahesabiwa tutapumzika. Nilikuwa naamini hivyo.

Jumatano ya wiki ile mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi adhuhuri. Tulikuwa tumebakiza shamba moja, la mfugaji, nalo lilitaka asubuhi tatu nzima. Tukaona jioni moja bila darasa haitaua mtu, hesabu ni Ijumaa, twende tukaanze na visiki alasiri. Wale wa kuazima waende darasani kama kawaida, mazoea yasikatike. Sote tisa tukaingia shambani.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipomwona mmoja wa wale kumi na mmoja anakuja kwa baiskeli, anasukuma kuliko anavyopanda, kwa matope. Alikuwa ametumwa na mwalimu. Barabara ya Runzewe ilikuwa imekatika kwa maji, afisa ameshindwa kuanza na huko, ameanza na sisi. Yuko darasani sasa hivi.

Sijawahi kuwaona watu tisa wakikimbia vile na majembe mabegani. Fundi wa mtambo, ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kukimbia hata mvua, alitupita wote.

Tulifika tukasikia sauti ya afisa kutoka nje. Alikuwa mtu mfupi, miwani imejaa vumbi lililogeuka tope, pikipiki yake imeegeshwa mlangoni. Ameshika rejista. Alikuwa amesoma majina yetu tisa, hakuna aliyeitika. Kisha amehesabu waliokaa mbele yake, hakuna aliyemo kwenye orodha.

"Mwalimu," alikuwa akisema, polepole, kama mtu anayetafuta tundu la sindano, "darasa lako lina rejista isiyo na watu, na watu wasio na rejista."

Tukaingia, mwenye baiskeli nyuma yetu. Matope mpaka magotini, jasho, majembe. Tukamwamkia shikamoo wote kwa pamoja, hata waliomzidi umri. Akatutazama.

"Na hawa ni akina nani?"

"Hao ndio rejista," mwalimu akasema.

Afisa akavua miwani akaifuta. Akageuka kwa mayu, aliyekuwa dawati la kwanza na daftari mbele yake.

"Mama, wewe ni mwanafunzi wa hapa?"

Mayu akasimama, akafunga kanga vizuri.

"Hapana, mwanangu. Mimi nimeazimwa."

Fundi wa mtambo akaweka uso viganjani. Mayu akaendelea kueleza bila kuulizwa, kama mtu anayetoa ushahidi barazani: wao wananilimia, mimi nawakalia, karanga zangu zimepandwa zote. Akataja mpaka urefu wa matuta. Afisa akasikiliza, akaifunga rejista, akachomeka kalamu mfukoni. Mimi nilikiona kiti cha mizani kinaondoka mbele ya macho yangu, kinapanda pikipiki ile, kinakwenda zake Kahama.

"Sijamaliza," mayu akasema. "Shamba langu walilimaliza juzi. Simdai mtu, na hakuna anayenidai. Leo nimekuja kwa miguu yangu. Niandike."

"Umri huo, mama, unatafuta nini?"

Mayu akaonyesha madawati kwa mkono.

"Watoto wangu watano walisoma kwenye chumba hiki hiki, mchana, wakati kimejaa. Wote waliondoka kama walivyoingia. Mimi nikidhani ni wazito, nimezaa wazito. Sasa mimi nimekaa hapa wiki tatu. Nikikosea, huyu binti ananiona. Wao hakuna aliyewaona."

Mwalimu alikuwa ameangalia ubao, anafuta kitu kilichokwisha kufutika. Najua alikuwa akiwafikiria wale watoto wake wa mchana, na nilimwonea huruma, kwa sababu sisi jembe lilitupunguza tukabaki tisa, lakini wao hakuna jembe ambalo lingewapunguza.

Afisa akachomoa kalamu. Akamwandika mayu. Akauliza nani mwingine, na wale wa kuazima wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakataja majina yao, wengine wakiyaandika wenyewe, herufi moja moja. Sisi tisa tulisimama pale na majembe yetu, tukihesabu kimoyomoyo. Kumi na tano. Kumi na saba. Kumi na tisa.

Mfugaji hakusimama.

"Na wewe, baba?" afisa akauliza.

"Mimi bado wananidai kuketi, nami nawadai kulima," mfugaji akasema. "Wameondoka shambani kwangu nusu ya kazi. Nikijiandika leo, watarudi kweli?"

Fundi wa mtambo akamwapia kwa kila kiapo alichokuwa nacho, cha kanisani na cha kwao. Mfugaji akamsikiliza kwa adabu, akasema viapo anavyo vingi nyumbani, asichonacho ni matuta. Tukamsihi kwa Kiswahili, tukamsihi kwa Kisukuma. Mtu aliyezoea kungoja ng'ombe anywe maji humwambii haraka.

Afisa akasema sheria yake ni ishirini, na kumi na tisa si ishirini. Alivaa miwani, akatazama tena yale matope yetu, kisha akatazama nje, kule barabara ya Runzewe iliko. Akasema barua yake ilitaja Ijumaa. Leo yeye amepita tu kukwepa maji. Ijumaa jioni atarudi kuhesabu.

Alhamisi tulikuwa shambani kabla kuku hawajashuka. Visiki vile sitavisahau; kimoja kilikuwa na mizizi iliyofika Geita, na kama ningeendelea kukifuata ningekuwa mtu wa dhahabu leo. Ijumaa asubuhi tulimaliza tuta la mwisho, nikalala hapo hapo katikati ya shamba, wenzangu wakaniamsha kwa teke saa kumi.

Afisa alifika. Kumi na tisa tulikuwa tumeketi, tumenawa. Dakika zikapita. Afisa akatazama saa, akatazama mlango. Mfugaji akaingia taratibu, fimbo mkononi, akaiegesha ukutani, akaenda mpaka mbele ya meza.

"Upande wa bondeni wamelima vibaya," akasema. "Lakini niandike."

Afisa akaandika. Kuanzia Jumatatu mwalimu alitugawa mafungu mawili, sisi tisa upande huu na wao kumi na mmoja upande ule, akawa anawapa wao kazi huku anatusahihisha sisi, na anatupa sisi kazi huku anawasahihisha wao. Tukalala usiku kama binadamu. Cheti nilikipata mwaka ule ule, pamba ilipokwisha kuvunwa, nikawatangulia wenzangu kumpelekea msimamizi, na kiti cha kivulini nikakikalia. Wenzangu wanne nao walifaulu. Mayu ilimchukua mwaka mmoja zaidi. Mfugaji hakufaulu kabisa, wala hakuwahi kukosa. Kila jioni alikuwa dawati la mbele, daftari limefunguliwa, akimlalamikia mwalimu juu ya yale matuta.